Maradhi ya Tumbo si ya Wazee Peke Yao

Wakulima wengi wa skimu zetu wakiulizwa habari za afya yao hujibu kwamba wana alsa. Mzee ana alsa, mkewe ana alsa, mwalimu wa shule ana alsa, na siku hizi hata kijana aliyemaliza masomo juzi husema vivyo hivyo. Neno hilo limekuwa jina la kila maumivu yatokeayo kati ya kifua na kitovu. Mtu akiona kiungulia baada ya kula, ni alsa. Akijaa hewa kwa sababu ya githeri, ni alsa. Akishinda shambani na njaa tangu alfajiri, hiyo nayo ni alsa.

Ndugu wakulima, nataka kusema nanyi waziwazi juu ya jambo hili. Naona tunaushika ugonjwa huu mkiani badala ya kuushika kichwani. Tunanunua vidonge mtu akiwa na miaka 40, kumbe ugonjwa wenyewe ulimwingia akiwa na miaka mitatu. Kwa njia hiyo fedha za maziwa na za viazi hupotea dukani bure, na pengine mtu mwenyewe hupotea.

Kwanza yafaa tujue tunazungumza habari ya nini. Mfuko wa tumbo umefunikwa ndani kwa ngozi laini yenye ute. Ute huo ndio unaoikinga ngozi isichomwe na asidi kali ambayo tumbo lenyewe huitengeneza ili kuyeyusha chakula. Ngozi hiyo ikisumbuliwa huvimba na kuwa nyekundu, kama kiganja kilichochubuliwa na mpini wa jembe. Uvimbe ukiendelea miaka mingi, pengine ngozi hulika ikafanya shimo, na shimo hilo ndilo kidonda cha tumbo, yaani alsa yenyewe. Basi uvimbe ni jambo moja na kidonda ni jambo jingine. Wenye uvimbe ni wengi mno. Wenye vidonda ni wachache.

Zamani madaktari wenyewe walifundisha kwamba maradhi haya hutokana na wasiwasi na asidi kuzidi, kama vile wengi wenu mnavyosema hata leo. Wagonjwa waliambiwa wapumzike kitandani na kunywa maziwa. Lakini mwaka 1982 madaktari wawili wa mji wa Perth katika Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walifaulu kukuza katika maabara kijidudu kinachoishi ndani ya ute wa tumbo, mahali ambapo wataalamu walidhani hapawezi kuishi kitu kwa ajili ya ukali wa asidi. Wengi hawakuwasadiki. Basi mwaka 1984 Marshall alichukua maji yaliyojaa vijidudu hivyo akayanywa. Baada ya siku chache alianza kuona kichefuchefu na kutapika, na kipande kidogo cha ngozi ya tumbo lake kilipotolewa na kutazamwa kwa darubini, kilionekana kimevimba. (Mtu asijaribu kumwiga.) Mwaka 2005 wote wawili walipewa tuzo ya Nobel. Kijidudu chenyewe huitwa helikobakta pilori, na katika karatasi za maabara mtaona kimeandikwa kwa ufupi H. pylori.

Sasa tazameni hesabu. Mwaka 2017 ulichapishwa uchunguzi uliokusanya hesabu za nchi nyingi, nao ulikadiria kwamba katika bara letu la Afrika watu kama 70 kati ya kila 100 wanacho kijidudu hiki. Na kila aliye nacho, ngozi ya tumbo lake imevimba kwa kiasi fulani, hata kama hasikii maumivu yoyote. Yaani wakikaa watu kumi kwenye benchi moja katika mkutano wa chama, ni kama saba kati yao wenye uvimbe huo, na wengi wa hao saba watalala vizuri usiku na kula vizuri kesho yake. Kati ya watu kumi wenye kijidudu, ni kama mmoja tu atakayepata kidonda maishani mwake. Wachache zaidi, mmoja hadi watatu kati ya 100, hupata saratani ya tumbo. Kwa sababu hiyo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikiandika kijidudu hiki mwaka 1994 katika orodha ya vitu viletavyo saratani.

Kwa hiyo jambo hili si uchawi, wala si laana ya ukoo, wala si aibu ya nyumba moja. Wataalamu wanaosoma asili ya vijidudu wanasema kwamba hiki kimefuatana na binadamu tangu alipotoka Afrika kwenda kuenea duniani, zaidi ya miaka 50,000 iliyopita. Ni mpangaji wa siku nyingi.

Lakini mtu hukipata lini? Kwa kuwa wanaolalamika ni watu wazima, wengi hudhani kwamba ni ugonjwa wa watu wazima, utokanao na mawazo ya madeni na karo za shule. Sivyo. Kijidudu huingia utotoni, mara nyingi kabla mtoto hajafika miaka mitano, na katika sehemu kama zetu watoto wengi wanacho kabla ya kufika miaka kumi. Kikiisha kuingia hakitoki chenyewe ila kwa nadra. Hukaa humo miaka 20, miaka 30, miaka 50, na mwenyewe hana habari. Siku maumivu yanapoanza mtu hutafuta sababu katika chakula alichokula jana.

Tazameni mfano wa Japani. Huko wazee wengi waliozaliwa kabla ya mwaka 1950 wanacho kijidudu hiki, bali wajukuu wao walio nacho ni wachache sana. Mtu asiyefikiri angesema kwamba huko watu hukipata wakizeeka. La. Wazee wale walikipata walipokuwa watoto, katika siku za shida, nyumba zikiwa zimejaa watu na maji safi na vyoo vizuri vikiwa haba. Wajukuu walizaliwa katika nyumba zenye bomba na choo safi, na ndugu wachache wa kulala nao kitanda kimoja. Hakuna chanjo iliyoleta tofauti hiyo, maana mpaka leo hakuna chanjo ya kijidudu hiki inayotumika popote. Wala watoto hao hawakumezeshwa vidonge wote. Kilichobadilika ni makao yao.

Hapa kwetu hesabu ya mtoto wa shule na hesabu ya babu yake zinakaribiana. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kila mzazi aishike. Mtoto anayecheza uani leo anaanza safari ileile ambayo baba yake anailipia dukani.

Kijidudu hupita kutoka kinywa hadi kinywa, na kutoka choo hadi kinywa, na katika matapishi. Mama humwambukiza mtoto, na kaka humwambukiza mdogo wake. Nyumba ambayo watu wengi wanalala chumba kimoja ndiyo inayokieneza upesi. Bibi zetu wana desturi ya kumtafunia mtoto mchanga chakula na kumtilia kinywani, nao hufanya hivyo kwa mapenzi. Walakini kwa tendo hilo bibi humpa mjukuu wake kila kilichomo kinywani mwake. Nyama na viazi vyaweza kupondwa kwa kijiko kisafi, na bibi akabaki na heshima yake yote. Kadhalika yafaa mtoto awe na kikombe chake mwenyewe, na mwenye kupika aoshe mikono kwa sabuni akitoka chooni na akiisha kumsafisha mtoto. Maji ya mto au ya mfereji wa kumwagilia mpunga, kama ile ipitayo karibu na nyumba katika skimu ya Mwea, hayafai kunywewa bila kuchemshwa au kutiwa dawa, hata yakionekana maangavu. Mkiyachemsha mtaepuka pia kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara, ambavyo huua mtoto upesi kuliko kijidudu hiki cha pole pole.

Najua mtu atasema, "Baba yangu alikunywa maji ya mto huu na akafika miaka 80." Ni kweli, wapo. Lakini hebu tukumbuke mashamba yetu yalivyokuwa wakati huo. Mpango wa Eka Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, mkulima aligawiwa shamba akiwa na nyumba moja na choo kimoja. Leo shamba lilelile limegawanywa kwa wana wanne, na mahali pengine wajukuu nao wamekwisha jenga. Kila mmoja amechimba choo chake na pengine kisima chake, na hakuna aliyepima nafasi iliyopo kati ya choo cha huyu na kisima cha yule. Afisa wa afya anasema choo kisipungue mita 30 kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Chukueni kamba mkapime. Katika mashamba niliyoyaona mimi, ndugu wawili walioacha kusemezana kwa ajili ya mpaka wanakunywa maji yaliyopita chini ya choo cha kila mmoja.

Mtoto akilia tumbo, msikimbilie kusema kwamba naye ana alsa. Mara nyingi ni minyoo, au amiba, au haja kubwa iliyokauka, au njaa. Mpelekeni kwenye zahanati akachunguzwe. Mtoto mzima asiyeumwa hana haja ya kupimwa H. pylori, wala msimpe vidonge vya baba yake.

Vijana nao wana yao. Pombe kali, na hasa chang'aa, huichoma ngozi ya tumbo waziwazi, na sigara huzuia kidonda kupona. Hilo halihitaji maneno mengi.

Yahitaji maneno zaidi habari ya chakula, kwa maana hapa wakulima wanajidhuru kwa kujitakia mema. Mtu akisikia ana alsa huacha maharagwe, huacha ndengu, huacha mboga, huacha machungwa, akabaki na viazi na chai. Mashamba yake yamejaa chakula na yeye anakonda. Maharagwe hayaleti vidonda vya tumbo. Pilipili hailetei mtu vidonda, ingawa yaweza kumwasha aliye navyo tayari. Kama chakula fulani kinakuumiza wewe, kiache hicho, lakini usiache kingine kwa sababu jirani alikuambia. Na maziwa? Maziwa hutuliza kwa kitambo, kisha tumbo hutoa asidi zaidi. Nyweni maziwa kwa kuwa ni chakula bora, na ng'ombe ni wenu, lakini msiyahesabu kuwa dawa. Magadi ndiyo mabaya zaidi. Ukiyakoroga katika maji na kunywa, asidi hupungua kwa dakika chache, lakini chumvi iliyomo humdhuru mwenye shinikizo la damu, na kijidudu kinabaki palepale.

Sasa nije kwa wazee, na hapa nawaomba wanawe wasome kwa makini. Mtu aliyelima miaka 40 ana mgongo na magoti yanayouma. Huenda dukani, naye mwenye duka humfungia vidonge vya rangi mbili tatu katika karatasi. Ndani yake mara nyingi mna aspirini, au ibuprofeni, au diklofenaki. Dawa hizi ni nzuri zikitumiwa kwa kipimo na kwa siku chache. Lakini zinapotuliza maumivu ya goti, zinapunguza pia ule ute unaoikinga ngozi ya tumbo. Mzee aliye na kijidudu tangu utoto, kisha akameza vidonge hivyo kila siku, ana mambo mawili yanayolila tumbo lake kwa pamoja. Kumeza baada ya kula husaidia kidogo tu. Hata kuchomwa sindano hakumwepushi, kwa kuwa dawa hufika tumboni kwa njia ya damu.

Na hatari kubwa ni hii: dawa ya maumivu huficha maumivu. Kidonda chaweza kukua kimya kimya, na ishara ya kwanza ikawa ni mzee kuzimia bafuni kwa kupungukiwa na damu. Wangapi tumewazika katika skimu zetu tukisema ni uzee, au amerogwa, na hakuna aliyeuliza choo chake kilikuwa cha rangi gani? Choo cheusi, chenye kunata kama lami na chenye harufu mbaya isiyo ya kawaida, ni damu iliyotoka tumboni. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kuwa cheusi, kwa hiyo mwambieni daktari kama mgonjwa anavitumia.) Mwenye choo kama hicho, au anayetapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, asingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali usiku huohuo, hata ikibidi kukodi gari la kubebea maziwa. Tena anayekonda bila sababu, au anayeshindwa kumeza, au anayetapika kila alacho, asiendelee kununua dawa ya kiungulia. Huyo ahitaji kutazamwa ndani ya tumbo kwa mpira wenye kamera katika hospitali kubwa.

Mzee mwenye maumivu ya magoti amwulize daktari kama parasetamoli yamtosha, maana hiyo hailisumbui tumbo kama zile nyingine. Ikiwa hana budi kutumia zile kali, iko dawa ya kupunguza asidi ambayo daktari aweza kumpa pamoja nazo. Na wana wa mzee, wanaomtumia fedha za vidonge kwa simu kila mwezi, wangefanya vizuri zaidi kumtumia nauli ya kwenda kupimwa.

Matibabu ya kijidudu yapo, nayo huponya. Kipimo kizuri ni cha choo au cha pumzi. Kipimo cha damu peke yake hakifai sana, kwa kuwa chaweza kuonyesha ugonjwa uliokwisha kupona. Aliye na maumivu na kijidudu kikaonekana, hupewa dawa tatu au nne kwa pamoja kwa siku 14: moja ya kupunguza asidi, kama omeprazoli, na nyingine za kuua vijidudu. Siku ya tano maumivu hupungua, na hapo ndipo wengi huacha na kumwekea jirani vidonge vilivyobaki. Huko ni kumfundisha kijidudu kuishi na dawa. Tayari metronidazoli, ambayo watu hununua kila wanapoendesha, imeanza kushindwa na vijidudu vingi vya aina hii katika Afrika, kwa sababu tumeitumia ovyo. Baada ya kumaliza dawa, ngojeni wiki nne kisha mkapime tena. Omeprazoli isitumiwe wiki mbili kabla ya kipimo, ama sivyo kijidudu hujificha na karatasi hudanganya.

Niliulizwa na mkulima mmoja mwenye akili: "Ikiwa watu 70 kati ya 100 wanacho, mbona tusipewe dawa sote siku moja, kama ng'ombe wanavyooshwa josho?" Ni swali zuri, na jibu langu ni hapana. Ng'ombe waliooshwa wakirudi katika malisho yenye kupe, kupe watapanda tena, na ndiyo sababu josho halina mwisho. Ukimmezesha dawa kijiji kizima, na maji na vyoo vikabaki vilevile, watoto watakaozaliwa mwaka ujao watakipata upya, na mtakuwa mmezitumia dawa mpaka zimekuwa butu. Wagonjwa watibiwe. Wazima walindwe kwa maji.

Na hapo ndipo ninapotofautiana na kamati nyingi za skimu. Tangu mwaka 2013 zahanati zetu zimekuwa chini ya serikali za kaunti, na kila penye mkutano naona watu wakidai dawa zaidi. Dawa ni haki yao, wala sisemi wasidai. Lakini sijasikia mara nyingi mtu akisimama kudai bomba katika shule ya chekechea, na huko ndiko waliko wale wenye miaka mitatu, minne na mitano. Watoto 40 wanaoga mikono katika karai moja, wanakunywa kwa kikombe kimoja kilichofungwa kwa kamba kwenye pipa, na choo chao hakina mlango. Tangi la kukingia maji ya mvua kwenye paa la mabati, vibuyu vya kunawia na kipande cha sabuni, na kikombe kwa kila mtoto, ni vitu ambavyo chama cha ushirika chaweza kuvilipia bila kungoja mtu wa Nairobi.

Mkutano wa mwaka wa chama chenu utakapofika, na hesabu zikiisha kusomwa, mtu mmoja ainue mkono aulize ni shilingi ngapi zimewekwa kwa ajili ya maji ya chekechea. Kama jibu ni kwamba hakuna, liandikwe katika kitabu cha mkutano pamoja na jina la aliyejibu.